Firmin na Koma za Mama Émérence

Kabla ya kuwa mchoraji wa vibao, Firmin alipoteza kazi kwa sababu ya mkia wa namba mbili.

Alikuwa Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na kazi yake ilikuwa kuandika namba ubavuni mwa mabehewa kwa rangi nyeupe. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko ya wenzake waliovunja mawe, na mtu mwingine angeishika kwa mikono miwili na kunyamaza. Firmin hakujaliwa kunyamaza. Saba yake aliivalisha kofia, nane akaikaza kiuno kama mwanamke anayekwenda ngomani, na mbili akaipa mkia uliopinda juu, ukajizungusha, ukaishia na jani. Mkubwa wa kazi akapita, akasimama, akasema namba si bi harusi. Firmin akaahidi kujirekebisha. Juma lililofuata mkia ulikuwa na majani mawili, na katikati ya majani alikaa ndege mdogo ambaye mdomo wake ulifanana mno na pua ya mkubwa wa kazi.

Akarudi mjini na brashi mbili, moja yake na nyingine si yake.

Mji wenyewe ni Likasi. Bahasha za serikali wakati ule ziliandikwa Jadotville, lakini waliozaliwa pale walisema Likasi, na Firmin alisema Likasi hata mbele ya waandika bahasha. Alipanga chumba kimoja katika cité, mtaa wa Waafrika, akaning'iniza nje bati lililosema anachora vibao vya aina zote. Mke wake alikuwa amefariki mapema, kabla hawajapata mtoto, na tangu msiba ule utani wake ulizidi badala ya kupungua. Jirani zake walidhani hana moyo. Waliomjua zaidi walijua kwamba mtu anaweza kupiga mluzi gizani bila kuwa na furaha.

Malipo yake yalikuwa rahisi kueleweka: franka moja kwa kila herufi au namba. Kwa hiyo alimpenda kinyozi aliyetaka duka lake liitwe kwa jina refu, na aliwachukia wafanyabiashara wa majina mafupi. Fundi cherehani mmoja aliyeitwa Léon alimtajia jina lake ili aandikwe mlangoni, Firmin akamtazama kwa huruma.

"Léon tu? Herufi inne? Bantu batawaza kama kibao haikwisha."

Léon akaongeza "Mushonaji wa Kweli", na Firmin akala nyama jioni ile.

Basi ikaja fedha mpya. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi peke yake, na mwanzoni mwa mwaka wa sitini na moja noti zake zikaanza kupita mikononi, mpya, zikinuka wino. Watu walizikunjua na kuzikunja tena kama barua ya posa. Bei zikawa kizaazaa. Huyu aliandika kwa chaki, yule kwa mkaa, mwingine hakuandika kabisa, akaangalia kwanza viatu vya mteja ndipo akataja bei. Duka la vifungo liliandika "2,5", na mwanamke mmoja wa kutoka Kakanda akashikilia kwamba zile ni franka mbili na sentimu tano, mwenye duka akishikilia kwamba ni mbili na sentimu hamsini. Walifikia kurushiana vifungo.

Ndipo ofisi ya bei ikatoa amri. Kila mwenye kuuza chakula au kitu chochote atundike ubao wa bei mbele ya mlango. Bei zote ziandikwe kwa rangi, namna moja: franka, halafu koma, halafu sentimu kwa tarakimu mbili kamili, zisipungue wala zisizidi. Mbili na nusu ni 2,50. Tano ni 5,00, hata kama sentimu hazipo. Tena koma zote za ubao zisimame moja chini ya nyingine kama watoto kwenye mstari wa shule, ili jicho la mnunuzi lishuke moja kwa moja bila kudanganywa.

Wafanyabiashara walinung'unika. Firmin alipiga magoti karibu na kitanda chake akamshukuru Mungu kwa ofisi ya bei.

Fikiri mwenyewe. Jana mtu aliyetaka kuandika "5" alilipa franka moja. Leo anaandika 5,00, na Firmin anahesabu tano moja, koma moja, sifuri mbili: franka nne. Na mji mzima ulilazimika.

Ili kazi iende mbio alitengeneza kifaa. Alichukua bati la debe la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo, akalikata madirisha: manne upande wa kushoto kwa ajili ya franka, tundu dogo la koma, kisha madirisha mawili upande wa kulia. Alilibandika ubaoni, akachora ndani ya madirisha. Bei ndogo ilikaa kwenye dirisha lililo karibu na koma, na madirisha ya mbali yakabaki matupu. Lakini madirisha mawili ya kulia hayakuruhusiwa kubaki matupu hata siku moja. Kama hakuna sentimu, yanapigwa sifuri. Koma nayo haikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu tundu lake lilikuwa palepale, ubao baada ya ubao. Firmin alijivunia bati lile kuliko alivyowahi kujivunia kitu. Alilibeba begani kama askari na bunduki yake.

Alichora sokoni, alichora barabara ya stesheni, akaitwa mpaka Kambove. Sifuri zikamnunulia viatu vya ngozi vya rangi mbili, nyeupe na kahawia. Watoto wakamwita Papa Zero-Zero, naye akawainulia kofia.

Mwisho akafika kwa Mama Émérence.

Mama Émérence alikuwa na mkahawa mdogo wa vyakula karibu na njia ya stesheni: meza sita, paa la mabati, na nyuma jiko ambamo bukari, ugali wa huko, ilisongwa tangu asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mpana wa mabega, aliyeachwa na mume wa ndoa ya kimila aliyekwenda kutafuta kazi Rhodesia na kupata mke mwingine badala ya kazi. Hakuwa mchoyo. Mwenye njaa ya kweli alikula kwake bila kuulizwa. Ila hakupenda kudanganywa, na alikuwa na macho ambayo yalimfanya mtu ajitafute kama amedanganya.

Firmin alimsomea hesabu yake. Mama Émérence alisikiliza huku anakaanga samaki.

"Rudia," akasema. "Ile ya nyuma ya koma."

"Sifuri mbili, Mama. Franka mbili."

"Sifuri ni nini?"

"Ni namba."

"Ni hakuna, Papa. Minye nikikuambia kwa sahani kuko samaki sifuri, utakula nini? Weye unanilipisha hakuna? Kitu iko, nitalipa. Kitu haiko, juu ya nini nilipe?"

Wateja waliokuwa mezani wakaacha kutafuna.

"Mama," Firmin akasema, akiwa na uvumilivu wa mtu mwenye viatu vipya, "brashi yangu haijue kama inachora hakuna. Rangi inaisha tu. Sifuri moja inakula rangi kupita moja tatu. Angalia: moja ni fimbo. Sifuri inazunguka, inarudia kwabo."

"Na koma?"

"Koma vilevile."

"Koma ni nzi alitua pa ubao." Akageuza samaki. "Ni muzuri. Chora. Namba nitakulipa franka. Sifuri nitakulipa sawasawa na bei yabo, na koma vilevile. Mbele ya bantu hawa bote."

Firmin aliona mtego, maana hakuwa mjinga, lakini aliona pia kwamba watu wanatazama, na mchoraji anayekimbia ubao hana jina tena. Akachora. Bukari na samaki 12,00. Bukari na sombe, majani ya muhogo, 8,00. Maharagwe 6,50. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachotuliza koo la vumbi, 2,00. Koma zilisimama kwenye mstari hata ungeweza kuziangusha kwa uzi mmoja.

Alipomaliza, Mama Émérence alimhesabia franka za namba mkononi, moja moja, bila kuibana hata moja. Kisha akamkalisha meza ya katikati, akamletea maji ya kunawa na kitambaa safi, na akaanza kuleta sahani. Sahani ya kwanza ilifunikwa na sahani nyingine. Akaifunua taratibu. Ilikuwa tupu, inang'aa.

"Hii ni sifuri ya kwanza ya samaki. Kula polepole, usipaliwe."

Akaleta ya pili. Akaleta ya sombe, zote mbili. Sifuri ya maharagwe aliileta kwa bakuli, kwa kuwa maharagwe yana mchuzi. Kwa koma alileta vijiko vitupu. Watu waligonga meza, mmoja akatoka nje ili acheke vizuri.

Na Firmin? Firmin alinawa mikono, akafanya ishara ya msalaba, akamega bukari isiyokuwepo, akaichovya kwenye mchuzi usiokuwepo, akatafuna. Akasimama katikati ya kutafuna, akakunja uso.

"Mama Émérence, samahani. Haina chumvi."

Hapo hata yeye mwenye mkahawa akageukia jiko ili asionekane meno. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kilimwisha Firmin. Alikuwa na njaa kweli, na nyuma yake alisikia watoto wamebadilisha wimbo: sasa walikuwa wanamuuliza Papa Zero-Zero kama ameshiba.

Kesho yake alirudi, kanyoa ndevu, mpole kama mbatizwa.

"Mama, jana niliona koma zako ziko bado nene. Nitazinyosha bule. Ni jina yangu iko pale."

Mama Émérence alimtazama, akatafuta uongo usoni, akaukosa kwa sababu chungu kilikuwa kinafurika jikoni. Akamwambia afanye haraka. Firmin akapanda kwenye kiti, akakwangua koma za rangi ya mafuta kwa wembe, na mahali pake akachora koma nyingine, nzuri kabisa, nyeusi kabisa, za masizi ya sufuria yaliyokorogwa na maji ya uji. Akateremka, akaaga kwa heshima.

Kisha akasubiri mvua.

Haikuchelewa. Ilikuwa bado masika, na mvua ya Likasi haigongi mlango. Ilishuka alasiri, ikapiga mabati mpaka watu wakaacha kuzungumza, ikapita ubao wa Mama Émérence kama mkono unaofuta meza. Ilipoisha, namba zote zilikuwa mahali pake, safi na zinameremeta. Koma hazikuwepo. Bati la Firmin liliziwekea koma nafasi ndogo sana, kiasi kwamba zilipotoweka namba zilishikana mikono: bukari na samaki 1200. Sombe 800. Maharagwe 650. Hata munkoyo, kinywaji cha mtu maskini, 200.

Firmin alitabiri nini kingetokea, na kwa siku kadhaa alijitungia kitandani: wateja wanasoma, wanashika vichwa, wanakimbia; meza sita tupu, sahani tupu, na yeye anaingia kwa viatu vya rangi mbili kuuliza kama kuna chumvi.

Jambo alilosahau ni kwamba wakati ule ukubwa ulikuwa mpya kama fedha. Nchi changa inahitaji wakubwa wengi kwa mara moja, na wengi wa wakubwa hao walikuwa jana tu makarani wadogo. Walikuwa na tai, walikuwa na magari ya ofisi, na hawakujua bado mkubwa hula wapi. Mmoja wao, mwanaume wa miwani anayepita kwenda Kolwezi na rafiki zake watatu, alisimamisha gari ili anyooshe miguu. Akasoma ubao. Rafiki zake wakamwona anasoma. Sasa atafanyaje? Akisema ni ghali, atakuwa amesema mbele yao kwamba hana.

"Ah," akasema, "njo hapa penyewe." Kana kwamba alikuwa anapatafuta tangu Élisabethville.

Walikula. Samaki wa Mama Émérence hakuwa na mfano, na hilo ni kweli bila ubao wowote. Mwanaume wa miwani akaomba bei.

"Kumi na mbili kila muntu," Mama Émérence akasema.

Akahesabu noti za mia, kumi na mbili kwa ajili yake mwenyewe, kila moja akiivuta kwa sauti. Mama Émérence alizitazama zile noti, akatazama uso wa mwanaume, akadhani ana homa.

"Papa, ni franka kumi na mbili. Si mia."

Yule mwanaume akaangalia kushoto, ambako rafiki zake walikuwa wanavaa makoti, akatoa franka kumi na mbili chini ya meza, na noti akazirudisha mfukoni kwa mkono ambao ulijifanya unatafuta leso. Nje alisikika anasema, bila kujali, kwamba chakula kizuri hakina bei. Rafiki zake nao walikuwa wamelipa chini ya meza, kila mmoja kwa siri yake, na kila mmoja akakubali kwamba hakina.

Mama Émérence akatoka nje, akasoma ubao wake kwa mara ya kwanza tangu siku ulipochorwa. Alisimama mikono kiunoni. Akainusa rangi. Akaona mistari miembamba myeusi iliyochuruzika kutoka mahali pa koma. Halafu, badala ya kulia au kulaani, alirudi ndani akatandika kitambaa cha meza.

Kwa majuma mawili magari yalisimama pale. Walikuja kutoka Kambove, walikuja na wake zao, walikuja wakijifanya wamezoea. Wateja wa zamani, watu wa stesheni na wa karakana, waliijua bei na waliendelea kula kwa bei ileile, huku wakifurahia kuwaona wakubwa wakitoa jasho juu ya maharagwe ya mia sita na hamsini. Kila mtu alilipa franka zake kumi na mbili au sita na nusu, wala hapana aliyeibiwa hata sentimu. Kilichouzwa zaidi kilikuwa ni nafasi ya kusema umekula pale.

Firmin alipokuja kuuliza chumvi hakupata kiti.

Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Mama Émérence akapita karibu naye na sahani tatu.

"Karibu, bwana koma. Nafasi hakuna. Uliona mvua ya Likasi iko na akili namna gani? Inafagia koma tu, sifuri inaziacha."

"Mama…"

"Minye sikukasirika. Uliniandikia ubao ya wakubwa kwa bei ya bantu badogo. Merci mingi."

Hakuna kitu kinachomchoma mtani kama shukrani. Firmin alikwenda zake akiwa hajui aweke uso wapi.

Mwisho wa mchezo ulikuja na mtu asiyecheza. Aliitwa Adolphe, mkaguzi wa ofisi ya bei, mwembamba, mwenye baiskeli, suruali amezibana chini kwa pini za nguo. Hakupokea rushwa na hakupiga kelele, na kwa sababu hiyo aliogopwa kuliko askari. Alisoma ubao kutoka juu mpaka chini. Akauliza kwa upole kama ni kweli kikombe cha munkoyo kinauzwa franka mia mbili. Mama Émérence akamwambia mbili. Akauliza koma iko wapi. Mama Émérence akamwambia aulizwe mchoraji, na mteja mmoja akatumwa mbio.

Firmin alifika ana hotuba tayari, kuhusu rangi ya siku hizi na vita vinavyoharibu bidhaa. Adolphe hakumpa nafasi. Alilowesha kidole kwa ulimi, akasugua mchirizi mweusi chini ya 6,50 iliyogeuka 650, akakitazama kidole, akakinusa.

"Masizi," akasema. "Namba ni za mafuta. Koma ni za masizi. Tena chini yabo kuko alama ya wembe. Monsieur Firmin, mvua haina wembe."

Firmin akavua kofia.

"Sheria yetu si ya kusumbua bantu," Adolphe akaendelea. "Mama muzee anatoka Kakanda, hajue kusoma mingi. Anaona mia mbili, anarudia na kiu. Weye ulicheka na Mama huyu, lakini yule muzee alifanya nini?"

Hilo lilimwingia Firmin. Alikuwa amewawaza wakubwa, na alikuwa amemwaza Mama Émérence, usiku na mchana karibu. Mwenye kiu aliyepita njia hakumwaza. Akasema atarudisha koma sasa hivi, bila malipo.

"Zirudie mbele ya kesho saa sita," Adolphe akasema, "ao hautachora tena kwa muji huu."

"Nipe kiti, Mama," Firmin akasema.

"Ngoja kwanza." Mama Émérence alikuwa amekunja mikono. "Ubao ni ya nani?"

"Yako."

"Na muntu akitaka kuweka kitu yake pa ubao ya mwenziwe, halipe nafasi? Koma moja, franka moja. Minye bei yangu ni sawa na yako."

Firmin akamgeukia mkaguzi kwa macho ya kuomba. Adolphe alifikiri kwa uaminifu wake wote, akasema sheria inataka koma iwepo, haikusema nani alipe nani. Kisha akauliza kama maharagwe yamebaki, akakaa, akala polepole, akalipa sita na hamsini kwa sarafu kamili, akabana suruali yake na kwenda.

Firmin alilipa koma zake. Kesho yake asubuhi alizichora kwa rangi ya mafuta, nene, zenye mikia. Mama Émérence alishikilia kiti kisitikisike, kwa sababu sakafu ya pale nje ilikuwa na mashimo, na akiwa amekishika walianza kuongea. Firmin akamsimulia ya Kakontwe, naye akamuuliza yule ndege wa kwenye behewa alikuwaje hasa. Firmin akamchora hewani kwa brashi kavu, pua na yote, na Mama Émérence akacheka mpaka kiti kikatikisika kweli. Baadaye akamwambia aketi, akamletea sahani iliyofunikwa. Firmin aliitazama kwa mashaka, akaifunua kwa kidole kimoja. Kulikuwa na samaki, upande wa kichwa, ambao mwenye nyumba huwa anajiwekea mwenyewe.

Wakubwa walipungua koma ziliporudi. Waliobaki ni wale waliopenda samaki.

Mwezi wa tisa vita vikafika pembeni mwa mji. Askari wa Umoja wa Mataifa walizingirwa kwenye kambi yao, na kwa siku nyingi mfululizo Likasi ilisikia bunduki na ndege. Soko lilifungwa. Firmin, ambaye chumba chake kilikuwa mbali na milio, alipanda baiskeli ya kuazima akaelekea upande wenye milio, akamkuta Mama Émérence peke yake amejificha jikoni, kati ya jiko na ukuta, akichambua maharagwe. Firmin hakuwa na utani wa kumpa. Alikaa chini, akachukua ungo, akachambua naye. Ndege iliyopita juu iliwafanya wote wawili wainamishe vichwa, na ilipoondoka hawakuviinua.

"Muke yangu alikufa ndani ya mvua," Firmin akasema. "Mutoto alikuwa anakuja. Hakuna gari ilisimama." Hakuwa amewahi kumwambia mtu.

Mama Émérence alisogeza ungo upande wake mwenyewe ili mzigo wa Firmin uwe mwepesi.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, parokiani, baada ya Firmin kwenda Kambove kwa mama yake Émérence. Mama mkwe alikuwa mwanamke mzee wa Kilamba asiyependa maneno. Alimtazama mkwe wake mtarajiwa, viatu kwanza, akamuuliza binti yake swali moja tu: kama mwanaume huyu anajua kunyamaza.

"Hajue, Mama."

"Basi utamusikia akirudia nyumbani," mzee akasema, na akakubali mbuzi.

Ndipo ikaja Januari ya sitini na tatu. Askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, waliingia mjini, na watu wakasimama kando ya barabara wakiwatazama bila kushangilia sana wala kulia sana, kwa kuwa kila mtu alikuwa anasubiri kujua ni nini kitabadilika tena. Siku chache baadaye Mama Émérence, ambaye alikuwa mjamzito na mchungu wa ulimi kuliko kawaida, alimwambia mumewe kwamba mkahawa unahitaji kibao kipya juu ya mlango, hataki neno hata moja juu yake, anataka samaki.

Firmin hakuwahi kuchora samaki. Alinunua kambale sokoni, akamlaza mezani, akamtazama asubuhi nzima mpaka paka wa jirani akaja kutazama naye. Akachora tumbo jeupe, mgongo wa rangi ya matope, sharubu ndefu za majivuno. Jioni akakitundika kibao juu ya mlango, akamwita mkewe.

Émérence alisimama nje, mkono mgongoni, akakitazama kibao.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini jicho linaniangalia mubaya."

Firmin akachukua kiti, akapanda tena.